Laptopu Haishiki Wi-Fi Nyumbani: Tafuta Kwanza Ilipokatika

Shangazi yangu akipiga simu baada ya saa mbili usiku, najua hakupiga kunijulia hali tu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Intaneti imekufa."

"Imekufa na kwenye simu, au laptopu peke yake?"

Kimya. Nasikia ndala zikiburutwa sakafuni, mlango unafunguliwa. "Simu inapata. Ni hiyo laptopu yako uliyonichagulia."

Hapo nusu ya kazi imeisha na bado sijainuka kwenye kochi. Kosa ninalokutana nalo kila mara, hata kwa mafundi, ni kutibu kabla ya kujua kinachouma. Huyu anachomeka pini kwenye kitundu cha ruta, yule anapakua programu ya "kurekebisha Wi-Fi", mwingine anapiga Windows upya. Saa nzima inapita, tatizo la kwanza lipo palepale, na mengine mawili yamezaliwa.

Tunasema "Wi-Fi haishiki" kwa magonjwa yasiyofanana kabisa. Kuna laptopu isiyoona mtandao wowote. Kuna inayoona ya majirani wote isipokuwa wa kwako. Kuna inayouona ila inakataa nenosiri. Kuna iliyounganika vizuri, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Na kuna inayofanya kazi sebuleni tu, ukiingia chumbani inakata. Jua yako ni ipi, uende moja kwa moja kwenye sehemu yake hapa chini. Nimeandika kwa Windows 10 na 11, na majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye kioo. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitano kwa mkupuo, hata ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Anza na simu, lakini zima data

Chukua simu iliyounganishwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo, zima data ya laini, kisha fungua ukurasa ambao hujaufungua leo. Kuzima data ni lazima. Simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti hurukia data kimyakimya, nawe unaapa kwamba "simu inapata" huku inakula bando lako.

Simu nayo ikikwama, iache laptopu, haina kosa. Nenda kwenye ruta. Kama ni ya laini, angalia bando kwanza. Inachekesha, ila ndilo jibu mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Kama ni ya faiba, tazama kile kiboksi kinachopokea waya mwembamba kutoka nje. Taa iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kiboksi. Waya umepinda mno, umekatika, au tatizo liko mtaani. Hakuna utakachofanya kwenye Windows kikazima taa hiyo. Piga simu kwa mtoa huduma na uwaambie hivyo hivyo: "LOS ni nyekundu tangu saa kumi." Utaokoa dakika kumi za kuulizwa kama umezima na kuwasha.

Na kuzima na kuwasha kwenyewe kuna namna yake. Chomoa umeme wa kiboksi cha faiba na wa ruta, hesabu hadi 30, rudisha kiboksi kwanza, subiri taa zake zitulie, ndipo uwashe ruta. Ipe dakika tatu. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, vifaa hivi viwili huwaka kwa pamoja, na ruta inaweza kuomba njia kabla kiboksi hakijawa tayari. Kitundu cha Reset usikiguse. Kinafuta jina la mtandao, nenosiri, na mara nyingine hata taarifa za kuingilia alizoweka fundi wa kampuni siku ya kufunga, ambazo wewe huna.

Laptopu haioni mtandao wowote

Alama ya Wi-Fi imetoweka pale chini kulia, au orodha ni tupu. Angalia kama hali ya ndege imewashwa. Kwenye kibodi kuna kitufe chenye picha ya ndege au mnara, mara nyingi kati ya F2 na F12, na mtoto akichezea laptopu ndicho anachokipata. Laptopu za zamani zina swichi ndogo ubavuni, ambayo huteleza yenyewe ikiingizwa kwenye begi.

Kisha bofya Restart, si Shut down. Windows za siku hizi ukizizima kwa Shut down haziondoi kila kitu kwenye kumbukumbu. Hulala nusu ili ziwahi kuamka, na hitilafu iliyokuwepo jioni inaamka nazo asubuhi. Restart ndiyo inayoanza upya kweli.

Bado? Bofya kulia kwenye kitufe cha Start, chagua Device Manager, fungua Network adapters. Tafuta mstari wenye neno Wireless, Wi-Fi au 802.11. Ukiwa na kimshale kinachoelekea chini, kadi ya Wi-Fi imezimwa: bofya kulia, Enable device. Ukiwa na pembetatu ya njano, draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) ina tatizo. Na kama mstari wenyewe haupo, Windows haijui kabisa kwamba kuna kadi humo ndani.

Kwa hilo la mwisho ninayo tiba inayoonekana kama uganga, lakini imenisaidia mara nyingi. Zima laptopu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka kwa nje, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30. Umeme uliobaki kwenye bodi unaisha, na kadi iliyokwama katika hali ya ajabu inapata nafasi ya kuanza upya. Chomeka chaja, washa, rudi Device Manager.

Kama shida ni draiva, swali ni utaipakuaje na intaneti huna. Tumia simu. Ichomeke kwenye laptopu kwa kebo yake ya chaji, kisha kwenye simu ya Android washa USB tethering ndani ya mipangilio ya hotspoti. Laptopu itaiona simu kama waya wa mtandao, bila kuhitaji Wi-Fi. Ingia kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, andika modeli iliyobandikwa chini yake, chukua draiva ya Wireless. Zile programu zinazodai kutafuta draiva zote kwa bofyo moja ziache. Nimekuta zimeweka draiva ya kadi nyingine, pamoja na matangazo yasiyofungika.

Inaona ya majirani, ya kwako haioni

Hapa watu hulaumu ruta, kumbe ni suala la bendi. Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili, 2.4 GHz na 5 GHz. Ya kwanza inakwenda mbali na kupenya kuta kwa nafuu; ya pili ni ya kasi lakini huchoka mapema. Laptopu za bei ya chini za miaka iliyopita zinajua ya kwanza tu. Ruta ikiwekwa kwenye 5 GHz peke yake, mtandao wako kwao ni kama haupo.

Hakiki hivi: bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua Command Prompt, kisha andika:

netsh wlan show drivers

Tafuta mstari wa Radio types supported. Ukiona 802.11a, 802.11ac au 802.11ax, kadi inaijua 5 GHz. Ukiona b, g na n tu, uwezekano mkubwa haiijui. Ingia kwenye ruta na uwashe 2.4 GHz. Anwani ya kuingilia iko kwenye stika chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, unaiandika kwenye kivinjari. Kwa simu iliyokwisha kuunganika inawezekana pia.

Ukiwa humo, angalia chaneli, yaani kipande cha bendi ambacho ruta inakitumia. Laptopu ya mtumba iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza isione kabisa chaneli ya 12 na ya 13, ambazo kule hazitumiki kwa kawaida. Ruta iliyoachiwa ijichagulie ikiangukia 13, laptopu inapofuka ghafla bila wewe kugusa kitu, na wiki ijayo inaona tena. Tatizo la kuja na kuondoka namna hii linatesa sana. Weka 1, 6 au 11.

Angalia na usalama. Ikiwa aina ya ulinzi wa nenosiri imeandikwa WPA3 peke yake, kadi za zamani haziwezi kuunganika. Chagua mchanganyiko wa WPA2/WPA3, au WPA2. Usirudi nyuma hadi WEP, ulinzi wa kale unaovunjwa kirahisi, hata fundi akikuambia ndiyo inayoshika haraka.

Inakataa nenosiri

Sehemu hii ni fupi. Nenda Settings, Network & internet, Wi-Fi, Manage known networks, bofya jina la mtandao wako kisha Forget. Unganisha upya, ubofye picha ya jicho ili uone unachoandika. Sifuri na herufi O kwenye stika hufanana kama mapacha. Kama herufi zinatoka namba, Num Lock imewashwa. Simu ikikubali nenosiri hilohilo na laptopu ikagoma, huenda kuna mtu aliwahi kuweka kwenye ruta orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa. Itafute kwa jina la MAC filter.

Imeunganika, ila hakuna intaneti

Huu ndio ugonjwa unaopoteza muda wa watu kuliko yote, na ndio rahisi kuupima. Kutoka kwenye laptopu yako hadi ukurasa unaoutaka kuna ngazi. Unapanda moja moja, unapokwama ndipo penye kosa. Fungua Command Prompt, andika:

ipconfig

Tafuta sehemu ya Wireless LAN adapter Wi-Fi. Soma IPv4 Address, yaani namba ya laptopu yako, kisha Default Gateway, yaani namba ya ruta. Anwani ikianza na 192.168, laptopu imepewa namba na ruta. Ikianza na 169.254, ruta haikujibu, na laptopu ikajibatiza jina yenyewe. Kwa namba hiyo haifiki popote. Andika moja baada ya nyingine:

ipconfig /release

ipconfig /renew

Ikirudi 169.254, ziangalie sababu mbili. Kwanza, ruta imeishiwa namba za kugawa. Baadhi zimewekewa chache, na nyumba ya simu kumi, luninga na wageni wa sikukuu inazimaliza. Kuiwasha upya kunasaidia kwa muda, kuongeza idadi kwenye mipangilio ya DHCP, yaani ya kugawa namba, kunasaidia kabisa. Pili, draiva imelewa, rudi juu.

Ikiwa namba si 169.254 lakini haifanani hata kidogo na ile inayoonekana kwenye simu, labda laptopu ilikuwa ya ofisini na mtu aliiandikia namba kwa mkono. Settings, Network & internet, Wi-Fi, sifa za mtandao wako, na kwenye IP assignment weka Automatic.

Namba ikiwa nzuri, panda ngazi. Amri ya ping inaita kifaa na kungoja kijibu. Weka ile namba ya Default Gateway, mathalani:

ping 192.168.1.1

Ukiona mistari minne inayoanza na Reply from, laptopu na ruta wanasemezana. Ukiona Request timed out, shida ipo kati yenu wawili humo humo ndani: mawimbi, draiva, au programu ya ulinzi inayozuia. Ngazi ya pili:

ping 8.8.8.8

Hiyo ni anwani ya Google, iko nje ya nyumba yako kabisa. Ruta ikijibu lakini hii isijibu, na simu pia imekwama, njia imekatika baada ya ruta; mpigie mtoa huduma umweleze matokeo yote mawili. Simu ikiwa inapita na laptopu haipiti, tafuta VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta nyingine ya mbali) iliyosahaulika ikiwa imewashwa. Ngazi ya tatu:

ping google.com

Namba ikijibu lakini jina halijibu, umempata mgonjwa: ni DNS, yaani kitabu cha simu kinachogeuza jina kuwa namba. Andika ipconfig /flushdns kufuta kumbukumbu ya zamani. Isipotosha, kwenye Windows 11, palepale chini ya IP assignment kuna DNS server assignment. Chagua Manual, washa IPv4, andika 1.1.1.1 na ya akiba 8.8.8.8.

Zote tatu zikijibu na kivinjari bado kinagoma, angalia saa. Nasema kweli: angalia tarehe pale chini kulia. Laptopu iliyokaa kabatini betri yake ndogo ya bodi ikaisha huamka ikidhani ni mwaka mwingine, na kila tovuti salama inaonekana kama ya kitapeli kwa sababu vyeti vyake "havijaanza" au "vimekwisha". Rekebisha tarehe, kila kitu kinafunguka. Kama saa ni sawa, nenda Settings, Network & internet, Proxy, uzime Use a proxy server.

Inashika sebuleni, chumbani inakata

Nyumba zetu ni za tofali za saruji, nguzo za zege zenye nondo, madirisha ya grili. Kila ukuta unakula mawimbi, na kioo kikubwa cha kabati au friji vinakula zaidi. Halafu ruta yenyewe tunaifungia nyuma ya luninga ili isionekane, kwenye pembe ya nyumba ambako waya uliingilia. Itoe hapo. Iweke juu, kifua cha mtu mzima au zaidi, karibu na katikati ya nyumba kadiri kebo inavyoruhusu. Hii haina gharama, na inashinda antena yoyote utakayouziwa.

Sasa pima badala ya kuhesabu vile vimstari:

netsh wlan show interfaces

Soma Signal, Channel na Receive rate. Fanya hivyo mita mbili kutoka kwenye ruta, kisha mlangoni kwa chumba, kisha kitandani. Andika namba kwenye karatasi. Inayoshuka polepole, 95, 70, 45, ni nyumba tu na kuta zake. Hamisha ruta, au tumia 2.4 GHz ukiwa mbali, au vuta kebo hadi kifaa cha pili. Mawimbi yakiwa juu lakini kasi mbovu, chaneli imejaa, hasa maghorofani ambako kila mlango una ruta yake. Jaribu 1, 6 na 11 kwa zamu, upana uwe 20 MHz kwenye 2.4. Na kama inakata saa ya kupasha chakula, maikrowevu hutumia masafa ya karibu 2.45 GHz, yaani inaongea juu ya maneno yako.

Ikikata kila baada ya dakika chache ukiwa karibu kabisa, rudi Device Manager, fungua kadi, kichupo cha Power Management, ondoa tiki kwenye Allow the computer to turn off this device to save power. Kwenye baadhi ya laptopu kichupo hicho hakipo, basi.

Ila ya shangazi haikuwa mojawapo ya hizi. Namba alizonisomea kwa simu zilikuwa 38 pembeni ya ruta na 0 chumbani, huku simu yake ikiwa imejaa mahali palepale. Mita mbili na 38? Nikamuuliza kama laptopu imefunguliwa hivi karibuni. "Si nilibadilisha kibodi mwezi uliopita." Jumamosi nikaenda. Nilipofungua kifuniko cha chini nikakuta kadi ya Wi-Fi, kipande kidogo kuliko kidole gumba, na nyaya mbili nyembamba kama uzi, nyeusi na nyeupe. Nyaya hizo hupita kwenye bawaba hadi ukingoni mwa kioo, maana antena ziko kule juu. Nyeusi ilikuwa mahali pake. Nyeupe ilikuwa imelala pembeni, kichwa chake cha duara kimebanwa chini ya betri. Fundi alikuwa ameichomoa ili apitishe kibodi, akasahau kuirudisha.

Kama namba zako zinafanana na hizo, na laptopu imepita mikononi mwa fundi, mrudishie na umwambie aangalie nyaya za antena. Ukijiamini kufungua mwenyewe, zima kabisa, chomoa chaja, kisha chomoa kiunganishi cha betri kabla ya kugusa chochote. Weka kichwa cha waya juu ya kitako chake, kikae wima, bonyeza kwa ukucha mpaka usikie "tik". Kisipolingana usilazimishe, kile kitako kikivunjika, kadi imekwenda. Shangazi alisoma 97 kabla sijarudisha skrubu.

Kabla ya kukata tamaa

Ukifika hapa bila jibu, ndipo unaruhusiwa kufagia. Fungua Command Prompt kwa Run as administrator:

netsh winsock reset

netsh int ip reset

Restart. Isipopona: Settings, Network & internet, Advanced network settings, Network reset; kwenye Windows 10, Network reset iko chini kabisa ya ukurasa wa Status. Inafuta manenosiri yote ya Wi-Fi na VPN zilizohifadhiwa, kwa hiyo yaandike kwanza.

Isiposaidia, azima adapta ndogo ya Wi-Fi ya USB. Ikishika vizuri, Windows yako ni nzima na kadi ya ndani ndiyo iliyokufa. Kadi nyingi hubadilishika, ila baadhi zimechomewa kwenye bodi, na laptopu kadhaa za zamani hukataa kadi isiyo kwenye orodha ya kampuni yake, hivyo uliza kabla ya kulipa. Ukiamua kubaki na adapta, nunua inayojua 5 GHz, na yenye antena inayoonekana badala ya kile kipunje cha ukubwa wa kucha. Usiichomeke pembeni ya diski ya nje ya USB 3, kwa sababu diski hizo zikifanya kazi hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz. Chomeka upande wa pili wa laptopu, au tumia kebo fupi ya kurefushia uisogeze sentimita 30 pembeni.